Gari la Familia Lenye Umri, Mtwara na Lindi: Ushike Spana Mwenyewe, Umpe Fundi wa Mtaani, au Ulipandishe Dar?

Mwenye Corolla 110, Carina Ti, Spacio au IST ya miaka mingi huku Kusini ana njia tatu za kulitunza. Ya kwanza ni kushika spana mwenyewe nyumbani. Ya pili ni fundi wa mtaani, kwenye gereji ya chini ya mwembe ambayo wengi huiita gereji bubu. Ya tatu ni gereji kubwa yenye lifti na vifaa vya kupimia, na kwa kazi kadhaa hiyo maana yake ni safari ya Dar es Salaam, kilomita 560 hivi kutoka Mtwara mjini.

Watu wengi huzilinganisha njia hizi kwa bei ya ufundi. Naona kipimo hicho kinawapotosha. Huku kwetu pesa nyingi haiishii kwenye ufundi, inaishia kwenye spea ambayo gari halikuihitaji, na kwenye gari lililozimika mahali pasipo na duka wala fundi. Anayeijua barabara ya kutoka Lindi kupitia Nangurukuru na Somanga mpaka daraja la Mkapa pale Rufiji anajua ni mwendo gani huo kusubiri msaada usiku ukiwa na watoto. Na Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoikata barabara upande wa Somanga, tuliona jinsi Kusini inavyoweza kutenganishwa na Dar kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo kabla ya kila kazi mimi huuliza: ikifanywa vibaya, nitajua lini, na nitakuwa wapi? Kazi ambayo kasoro yake inaonekana hapo hapo uani, ifanye. Kazi ambayo kasoro yake itajitokeza ukiwa mwendo wa 80 njia ya Masasi, mpe anayeifanya kila siku. Hapa chini napitia kazi moja moja kwa kipimo hicho.

Oili na filta zake

Nianze kwa kusema ukweli ambao wanaohimiza watu wajifanyie wenyewe huuruka: ukimwaga oili mwenyewe huokoi pesa nyingi. Oili utanunua, filta utanunua, na ufundi wa kubadilisha oili ni sehemu ndogo ya gharama. Unachopata ni uhakika. Unaijua galoni iliyofunguliwa mbele yako, unajua filta imebadilishwa kweli wala haikufutwa kwa kitambaa, na unaona rangi ya oili iliyotoka. Oili yenye weupe wa maziwa inakuambia maji yameingia, na hiyo ni habari ambayo hutaki kuisikia kwa mtu wa tatu.

Injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST, Spacio na Probox za 1.5 inameza lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo galoni moja ya lita 4 inatosha na kubaki ya kuongezea. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta, ikaze kwa mkono, robo tatu ya mzunguko baada ya mpira kugusa, basi. Wanaoikaza kwa bomba ndio wanaokuja kuitoboa kwa bisibisi siku ya kuitoa. Nati ya sampu, ile ya kumwagia oili chini ya injini, nayo ina washa yake: ukiibana kupita kiasi unaharibu hesi, na hapo akiba yako yote imekwenda.

Fundi wa mtaani anakushinda kwa mambo mawili, ana shimo au mahali pa kulipandishia gari, na ana pipa la oili chafu. Hilo la pili ni la maana. Ukifanya nyumbani, oili ya zamani irudishe kwenye galoni tupu umpelekee fundi. Usiimwage mchangani. Ardhi ya Mtwara mjini ni mchanga unaopitisha, na visima vya watu viko chini yake.

Kwa ratiba ya kilomita 5,000 au miezi 6, chaguo langu ni kufanya mwenyewe. Huna muda? Nenda kwa fundi na oili yako uliyoinunua mwenyewe, ukae hapo mpaka amalize. Dar haina la kukuongezea katika hili.

Plagi na filta ya hewa zinaenda humo humo. Kwenye 1NZ kila koili imeshikwa na bolti moja ya 10, ukiitoa unaingia na soketi ya plagi ya 16. Kwenye injini za 5A na 7A, kama za Carina Ti, zenye waya za plagi, zitie alama kabla hujazing'oa. Injini iwe baridi, na plagi mpya ianze kuingia kwa vidole bila spana, kwa sababu silinda hedi ni aluminiamu na hesi yake haisamehe. Filta ya hewa ya karatasi haioshwi. Kama unakwenda shamba mara kwa mara wakati wa kiangazi, ifungue kila mwezi uikung'ute, na ikishakuwa kahawia mpaka ndani nunua nyingine.

Gari linalochemsha

Hapa ndipo tofauti ya njia hizi tatu inapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote, na ndipo magari mengi mazee huku yanapofia.

Gari likianza kupandisha joto, fundi wa mtaani asiye makini ana dawa mbili za haraka. Anatoa thamostati, ile valvu inayofungua maji yazunguke injini ikishapata moto, na anafunga feni "dairekti" ili izunguke muda wote ukiwasha switchi. Gari linaacha kuchemsha, unamshukuru, unaondoka. Kilichosababisha joto bado kimo ndani. Isitoshe, injini isiyo na thamostati inachelewa kufika joto lake. Kompyuta inaendelea kuihesabu kuwa baridi na kuimwagia petroli ya ziada, na wewe unaanza kulalamika kuwa gari limekuwa mlevi wa mafuta. Feni ya dairekti nayo inakula mota yake na kuibebesha alteneta mzigo ambao haukupangwa.

Mwenyewe nyumbani unaweza kufanya uchunguzi ambao fundi mwenye haraka haufanyi. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. Maji yamepungua? Yana kutu? Yana mafuta yanayoelea? Angalia mpira wa mfuniko wenyewe, kama umechanika au umekuwa mgumu. Mfuniko una namba juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1, ambayo ni shinikizo unalolizuia. Shinikizo hilo ndilo linalofanya maji yasichemke mapema, kwa hiyo mfuniko mbovu peke yake unatosha kuchemsha gari zima. Ni spea ndogo mno kulinganisha na rejeta mpya. Halafu rudisha mfuniko, washa injini, ikae hadi ipate moto, usikilize feni: inaingia au haiingii? Ikiwa haiingii, chunguza fyuzi, rilei na waya wa sensa kabla ya kumruhusu mtu akate waya wowote. Mfuniko wenyewe usiuguse tena mpaka injini ipoe. Maji ya rejeta yenye moto yanaunguza uso na mikono ndani ya sekunde.

Jaza kulanti, yaani dawa maalumu ya rejeta, si maji ya bomba. Kuna wanaosema kulanti ni ya nchi za baridi, sisi pwani ya nini? Kazi yake kwetu ni kuzuia kutu ndani ya injini, kulainisha pampu ya maji na kupandisha kiwango cha kuchemka. Nusu kulanti, nusu maji safi ya kuongezea betri (yaliyochujwa, si asidi), inatosha kwa magari haya. Kama limekuwa likinywa maji ya bomba kwa miaka, lifungue mfereji wa chini, lisuuze mpaka maji yatoke masafi, ndipo ujaze.

Ukishafanya hayo na bado linachemsha, kazi si yako tena. Pampu ya maji na rejeta iliyoziba anaziweza fundi mzuri wa Mtwara, Lindi au Masasi. Gasketi ya silinda hedi ikiungua, uliza swali moja kabla hujakubali: "Fundi, hedi itapelekwa kupimwa unyoofu na kusagwa, au itarudishwa hivi hivi?" Anayerudisha hedi iliyopinda juu ya gasketi mpya atakuona tena baada ya wiki chache. Kama jibu halieleweki, hii ni moja ya kazi chache ambazo nakubali gari lipakiwe kwenda Dar. Nasema lipakiwe kwa kukusudia. Usiliendeshe huku linachemsha.

Umeme na taa ya cheki injini

Multimita ya bei ndogo kabisa ya dukani inakulipa kuliko kifaa kingine chochote utakachonunua. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 iko nusu. Washa injini upime tena: kati ya 13.5 na 14.5, alteneta inachaji. Ni dakika mbili tu, na umeshajua kama tatizo ni betri, alteneta au waya. Wasio na kipimo hiki huuziwa betri, likizima tena wanauziwa alteneta, na mwishoni inakuja kuonekana kuwa tominali, kile kichwa cha waya kwenye betri, ilikuwa imeliwa.

Na tominali kwetu zinaliwa kweli. Hewa ya bahari Mikindani, Shangani, Lindi mjini na Kilwa ina chumvi, na chumvi na unyevu vinaharakisha kutu kwenye kila chuma kilicho wazi. Ukiona unga mweupe au wa kijani, ondoa nyaya (hasi kwanza), mwagia maji ya moto yenye magadi, piga brashi, kausha, funga, kisha paka mafuta mgando. Wanaoliendesha gari hadi ufukweni Msimbati wamwage maji baridi ya kutosha chini ya bodi siku hiyo hiyo, hasa kwenye mabomba ya breki na nyuma ya matairi.

Taa ya cheki injini ikiwaka, mtaani utaambiwa gari "lipimwe kwa kompyuta". Kwa magari ya Toyota ya miaka ya 1990 kama Corolla 110 na Carina Ti, kuna kiboksi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ukiunganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, ukafungua switchi bila kuwasha injini, taa yenyewe inapepesa namba: mapepeso mawili, kituo, mawili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 21 ni sensa ya oksijeni. 41 ni sensa ya mkao wa throto. Hakikisha ni matundu hayo mawili na si mengine, yaliandikwa kwenye kifuniko cha kiboksi.

Lakini namba haikuambii nunua sensa. Inakuambia njia ya umeme ya sensa hiyo ina kasoro, na waya uliotafunwa na panya hutoa namba ile ile. Kwenye uchunguzi wa namna hii mwenye gari mwenye subira anamshinda fundi wa kubahatisha. Kwenye kutafuta waya uliokatika ndani ya dashibodi, fundi umeme anamshinda mwenye gari mara kumi. Mifuko ya hewa na ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki) usiziguse, wala usimruhusu asiyezijua azishike, hizo ni za gereji yenye vifaa.

Breki

Kwa breki nashauri njia iliyo katikati: fundi aje nyumbani, spea ununue wewe, na uwe pembeni yake ukishika taa. Baada ya kumtazama mara kadhaa, pedi za mbele unaweza kuzifanya mwenyewe, kwa sharti ufuate mambo yote bila kuruka. Pedi ikibaki milimita 3, badilisha, za matairi yote mawili ya mbele kwa pamoja. Kalipa isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta, ifunge kwa waya kwenye springi. Ukimaliza, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja. Nati za tairi za Toyota hizi zinakazwa kwa torki ya nyutoni mita 103, na ukikaza kwa wilispana ya kawaida, zikaze tena baada ya mwendo mfupi.

Brekishu za nyuma, silinda zake na kutoa upepo kwenye mfumo ni kazi za fundi. Kosa dogo humo linakaa kimya uani na kujionyesha kwenye mteremko.

Jambo moja mwambie fundi hata kama hakuliuliza: abadilishe mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yananyonya unyevu wa hewani, na pwani unyevu hauishi. Yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205, yakishalowa kiwango chake cha chini ni 140. Yakichemka, pedali inazama. Kila baada ya miaka 2, kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyo.

Miguu ya gari na mkanda wa taimingi

Bushi, boljointi, tairodi endi, shokapu: fundi wa mtaani. Sina mjadala mrefu hapa. Bushi zinahitaji presi, na springi ya shokapu ya mbele imebanwa kwa nguvu inayoweza kuvunja taya ya mtu. Mafundi wetu wamezifanya kazi hizi maisha yao yote kwa sababu barabara za huku zinazileta kila wiki. Wewe kazi yako ni kugundua mapema: inua tairi, lishike juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Baada ya tairodi, lazima alaimenti, la sivyo matairi mapya yanalika upande mmoja.

Mkanda wa taimingi uko kwenye 5A na 7A, na kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. 1NZ ina mnyororo, haina mkanda wa kubadilisha, ingawa bado wapo wanaouziwa. Gari ulilonunua mkononi mwa mtu bila kumbukumbu yoyote, hesabu kuwa mkanda umeshafika. Ukikatika, injini hizi za A kwa kawaida hazipigi valvu, lakini zinazima hapo hapo ulipo. Fundi anayeweka alama kabla ya kufungua na kuizungusha injini kwa mkono mara mbili baada ya kufunga, huyo anaijua kazi.

Giaboksi otomatiki ikianza kuteleza, au kompresa ya AC ikifa, hapo ndipo safari ya Dar ina maana. Kubadilisha mafuta ya giaboksi pekee kunawezekana huku, ukihakikisha ni aina iliyoandikwa kwenye kijiti chake.

Spea: mtumba, mpya ya bei nafuu, au orijino

Kwa mwenye gari wa Kusini uamuzi huu una uzito kuliko wa nani afunge, maana spea nyingi zinatoka Kariakoo, mtaa wa Gerezani, na kufika kwa basi. Ukikosea, mzigo wako umekwenda na kurudi zaidi ya kilomita 1,100 bure.

Spea ya mtumba kutoka Japani naichagua kwa alteneta, stata, sensa ya hewa, taa, vioo vya pembeni na vitasa. Ilitengenezwa vizuri na bado ina maisha. Siichukui kabisa kwa kitu chochote cha mpira, mkanda, pampu ya maji wala breki. Mpya ya bei nafuu inafaa kwa waipa, balbu na filta ya hewa. Kwa pedi za breki, boljointi, thamostati na mkanda wa taimingi, jikaze ununue orijino au kampuni inayojulikana, hata kama kazi itasubiri mwezi ujao.

Usiagize "spea ya IST". Piga picha kibati cha chini ya boneti umtumie muuzaji. IST ya NCP60 ina injini ya 1.3 na NCP61 ina ya 1.5. Carina AT212 ni 5A ya 1.5, AT211 ni 7A ya 1.8. Corolla AE110 na EE111 zinafanana kwa nje na injini zake ni tofauti. Mwambie pia akutumie picha ya spea yenyewe, uilinganishe na ya zamani mkononi kabla hajaipeleka stendi. Na kwa fundi yeyote, zoea kusema mapema: "Fundi, spea za zamani nitaondoka nazo." Fundi mwaminifu hatachukizwa na hilo.

Ukiamua kuanza mwenyewe

Nunua kwa mpangilio huu: multimita, seti ya soketi za 8 hadi 19 pamoja na ya plagi, stendi mbili za jeki, ufunguo wa filta. Stendi ziwe kabla ya ufunguo wa filta. Jeki peke yake haimshikilii mtu aliye chini ya gari, hata kwa dakika moja, na kwenye mchanga wetu inazama huku unaitazama. Tandika ubao mnene na mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi, weka mawe mbele na nyuma ya matairi yaliyobaki chini, vuta hendibreki, kisha lisukume gari kwa bega kabla hujaingia.

Kama huna nafasi ya kulilaza gari siku nzima, au mgongo haukuruhusu, baki na fundi wa mtaani lakini ufanye uchunguzi mwenyewe: maji, oili, betri, matairi, kila Jumamosi asubuhi kabla injini haijawashwa. VETA, vyuo vya mafunzo ya ufundi, ipo Mtwara na Lindi, na anayetaka kujifunza zaidi ya hapo aanzie hapo akaulizie mafunzo yanayomfaa.

Kwa wakati, watu wengi hufanya matengenezo makubwa pesa ya korosho inapoingia, Oktoba kuendelea. Ni wakati mzuri ukizingatia kuwa mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kufika Aprili. Anza na breki na matairi, kisha waipa na mfumo wa maji. Rangi na redio zisubiri, na spea za kutoka Dar ziagize Septemba, kabla gari halijafunguliwa.